Diski ya Kufufulia

Mafundi wa kompyuta Lushoto walikuwa wengi, sikatai. Miaka ile ya soko huria, mashine za mitumba zilipoanza kupanda mlima kutoka Dar es Salaam zikiwa zimeviringishwa kwenye magodoro, kila aliyejua kuchomeka waya ukutani alijiita fundi na kutundika kibao. Ila fundi wa kweli alikuwa mmoja, naye alikuwa mwanamke: Rahma binti Bakari, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi chini kidogo ya soko. Wale wengine wakisema mashine imekufa, mwenye mali alikuwa akiibeba kwa majonzi mpaka kwa Rahma, na kesho yake anaifuata nzima.

Lakini mganga hajigangi. Alhamisi hiyo ya Julai, mwaka elfu mbili na nne, mezani kwake palikuwa na mashine iliyomshinda tangu Jumatatu, nayo ilikuwa ya marehemu baba yake.

Aliyeileta ni shangazi yake Mwanaidi, dada mkubwa wa marehemu, kutoka Soni. Alipanda nayo kwenye basi dogo, ameipakata njia nzima huku ameifunika kanga, skrini yake imefungwa kwenye gunia na kuwekwa miguuni, na kila abiria aliyemuuliza amebeba nini alijibiwa, "Mgonjwa."

"Shikamoo, shangazi," Rahma alimpokea siku ile ya Jumatatu.

"Marahaba, mwanangu." Bibi akaitua mashine mezani na kunyoosha kiuno. "Ndugu yangu alikuwa anaandika humu kila akitoka kuswali alfajiri. Jumamosi tunamsomea hitima ya mwaka, na watu wataniuliza tena lile swali lao. Nataka kujua siku ile alikuwa anakwenda wapi."

Siku ile. Mwalimu Bakari, mstaafu, mtu wa Soni ambaye hakuwa akitoka nyumbani bila kuaga, alitoka bila kuaga. Asubuhi ya pili wachukuzi wa maziwa walimkuta Lushoto, amelala kando ya mfereji chini ya soko, koti limefungwa vifungo vyote na kofia iko kichwani. Daktari akasema ni moyo. Kutoka pale mpaka kwenye mlango wa duka la Rahma ni hatua arobaini. Wenye huruma wakasema alikuwa anakwenda hospitali. Wenye ndimi zao wakasema alikuwa amekuja kumlaani bintiye kwa kinywa chake, na Mungu akamzuia njiani.

Maana baba na binti hawakuwa wanasemezana. Miaka mitatu kabla ya kifo chake, Rahma alikuwa amemkimbia mume aliyetafutiwa na baba yake huko Mazinde, akarudi mlimani na sanduku moja na jino lililovunjika. Mwalimu hakuliona jino. Aliona aibu tu. Alimwambia, "Mlango wangu usiuone tena," naye Rahma, ambaye ukaidi aliurithi kwa huyo huyo, akaugeuzia mgongo mlango ule akaenda kufungua duka. Hakuna aliyemfuata mwenzake. Hasira hasara, lakini nenda kawaambie watu wa ukoo ule.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Rahma hakumwambia mtu, na alilibeba mwaka mzima kama kaa la moto kwenye kiganja. Jioni ile alimsikia. Alikuwa chumba cha nyuma, duka amekwisha kulifunga, ukungu umeziba dirisha, na sauti ikaita nje: "Rahma." Mara moja. Ilikuwa sauti ya baba yake, au kitu kilichoazima sauti ya baba yake.

Bibi yake aliyemlea alimfundisha, kama wanavyofundishwa watoto wengi wa milima hii, kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, na hasa kwenye ukungu, usiitike mara ya kwanza. Ngoja. Mtu ataita tena. Kisicho mtu huita mara moja tu, na ukikiitikia umekipa ruhusa. Mwalimu Bakari, ambaye alifundisha sayansi miaka thelathini, aliyachukia mambo hayo kupita kiasi, kwa hiyo watoto waliyashika kwa siri. Rahma alisimama katikati ya chumba, mkono mdomoni, akangoja kuitwa mara ya pili. Hakuitwa. Akajiambia kwamba amefanya vizuri, akalala. Asubuhi wakaja kumgongea.

Kwa hiyo alijua baba yake hakuwa anakwenda hospitali. Alikuja kwake. Alichotaka kujua ni kimoja tu, na alikitaka kuliko hewa: alikuja kumpa radhi, au alikuja kumlaani? Mtoto aliyefiwa na mzazi bila radhi anaishi, anakula, anacheka, lakini hajui amesimama wapi. Na jibu, kama lipo popote, lilikuwa ndani ya sanduku lile la plastiki lililokataa kuwaka.

Ugonjwa wenyewe ulimshangaza tangu mwanzo. Mashine ilipata umeme, feni ikazunguka, lakini mfumo wa kuiendesha haukuwamo. Haikuwa virusi, na haikuwa radi. Rahma aliifungua diski kuu kwenye mashine yake ya dukani akaona kazi ya mkono wa mtu: mafaili yote ya mfumo yalikuwa yamefutwa moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama mtu afutaye ubao baada ya kipindi. Lililobaki lilikuwa faili moja kubwa mno, nakala iliyohifadhiwa na programu maalumu, na faili hilo halikufunguka kwa kitu kingine chochote ila programu hiyo hiyo.

"Nani aliishika baada ya siku ile?" alimuuliza shangazi.

"Nani aishike? Chumba nilikifunga mwenyewe. Ufunguo huu hapa," bibi akafungua fundo la kanga, "haujatoka kwangu mwaka mzima."

"Basi ilikufaje?"

"Mimi nijue? Nilidhani imekufa kwa huzuni."

Kulikuwa na tumaini moja. Ndani ya droo ya mwalimu, Mwanaidi alikuta sidii moja ndani ya bahasha ya khaki, na juu yake mwandiko ule ulionyooka wa ubaoni: DISKI YA KUFUFULIA. Ni ile diski ambayo programu ya kuhifadhi humwambia mtu aitengeneze mapema, ili siku mashine ikifa, uiwashe kwa diski hiyo na diski irudishe kila kitu mahali pake. Mwongozo wa programu hiyo ulisema wazi kwamba inaifufua mashine iliyoitengeneza tu, si nyingine. Rahma aliyasoma yale maneno matatu akayasoma tena. Baba yake alipenda Kiswahili kamili. Angeweza kuandika ya kuokolea, au ya kutengenezea. Aliandika ya kufufulia.

"Kufufua ni kazi ya Mungu," Mwanaidi alisema siku ile, akaisogeza bahasha kwa ncha ya kidole. "Lakini jaribu."

Alijaribu. Jumatatu diski haikuwaka. Akadhani jicho la mashine linalosoma diski lina vumbi, akalisafisha kwa spiriti na pamba. Haikuwaka. Jumanne akaingia kwenye mpangilio wa ndani wa mashine, akauamuru uanze kusoma diski kabla ya kitu kingine chochote. Haikuwaka. Jumatano akadhani baba yake alikosea kuitengeneza, kwa sababu wengi hukosea: wanaimwaga programu kwenye sidii kama mtu anayemwaga mahindi ghalani, nayo inakaa tu, haijui kuanza. Akaisoma kwenye mashine yake ya dukani, akakuta kila kitu kimepangwa sawasawa, bila kosa hata moja. Mwalimu hakuwa mtu wa kukosea mtihani. Akabadilisha kisomeo chote, akafunga kingine kutoka kwenye mashine ya mteja aliyeitupa. Akaikausha diski kwa kuiweka karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya Julai huku juu huweka umande hata ndani ya kabati. Haikuwaka.

Na kila mara mambo yalikwenda vilevile. Ukiiwasha, skrini inaingia giza. Skrini ya mwalimu ilikuwa ya kizamani, nzito, yenye mgongo, na kila mashine ilipoanza upya ilizimika kabisa na kukaa gizani muda wa kusoma Fatiha taratibu kabla ya kurudisha mwanga. Katika giza hilo unasikia diski inazunguka, inapanda kasi, kisha inatulia. Inatulia muda mfupi, kama mtu aliyeshika pumzi. Halafu inazunguka kidogo, inakata. Mwanga ukirudi kwenye skrini unakuta maandishi meupe yanayosema hakuna mfumo. Rahma alirudia jambo hilo mara nyingi hata akaanza kuota usiku ule mzunguko na ule utulivu.

Alhamisi ndiyo siku ya soko, na ukungu ulishuka mapema. Saa tisa ulikuwa juu ya misonobari, saa kumi ulikuwa mlangoni. Mwanaidi alikuwa amepanda tena kutoka Soni kuja kuangalia mgonjwa wake. Aliketi kwenye kiti cha wateja, amejifunga kanga mbili na sweta, anamtazama Rahma akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima.

"Mwanangu, pumzika. Unaitesa."

"Mara moja tu, shangazi."

"Umeniambia mara moja tangu nilipofika."

Hapo ndipo Scholastica alipoingia. Huyu alikuwa mama wa Rangwi, Mkatoliki, mtu wa kabichi na karoti, aliyepanga bidhaa zake ng'ambo ya barabara kila siku ya soko. Alitaka kopi ya cheti cha ubatizo wa mwanawe. Alisalimia, akampa bibi shikamoo yake, akapokelewa, akasimama akijifuta unyevu usoni. Kisha akasema, kama mtu anayelaumu kwa upole:

"Lakini jamani, mnamwachaje mzee nje na baridi hii?"

"Mzee gani?" Rahma aliuliza. Alikuwa ameinamia mashine ya kopi.

"Yule wa Alhamisi. Tena nimefurahi kumwona, mwaka mzima alipotea, nikadhani amehama." Scholastica akaonyesha mlango kwa kidevu. "Alikuwa anasimama pale kwenye nguzo yangu, anatazama huku, halafu anaondoka. Siku nyingine anakuja mpaka mlangoni kwako kabisa. Nilikuwa nikimcheka moyoni, nasema huyu babu ana posa hajui aitoe vipi. Leo amesimama kizingitini. Na ukungu huu sikumwona uso, lakini koti ni lile. Lile la kijivu, lenye kifungo kimoja cheusi."

Mwanaidi alisimama polepole mno. Kifungo kile cheusi alikishona yeye, kwa sababu kijivu hakikupatikana Soni nzima. Na koti lile lilikatwa na kugawanywa baada ya maziko, kama ilivyo desturi, na kipande chenye kifungo kilikuwa kwake.

Alikwenda mlangoni. Rahma akamfuata. Nje hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na barabara. Ulikuwepo ukungu tu na sauti za watu wa sokoni wakifunga mizigo mahali pasipoonekana. Kizingiti cha saruji kilikuwa kimelowa chote, kinametameta. Chote isipokuwa sehemu mbili ndogo, zilizokaa sambamba, ambazo zilikuwa kavu. Walizitazama wote watatu zikilowa kidogo kidogo mpaka zikafanana na saruji nyingine.

Mimi sisemi lilikuwa jambo gani. Nasema walichokiona. Scholastica alichukua cheti chake bila kopi, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka upande ambao hakujia.

"Funga mlango," Mwanaidi akasema.

"Nimfungie nje, shangazi?"

Bibi akafikiri. "Hapana. Uache wazi."

Basi ukungu ukaingia kama mgeni aliyeruhusiwa, ukatambaa chini ya meza. Rahma alirudi kwenye mashine kwa sababu hakujua pengine pa kuweka mikono yake. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Skrini ikaingia giza, na kwenye kioo chake akaona sura yake mwenyewe, na nyuma yake mlango mweupe. Diski ikazunguka, ikapanda kasi, ikatulia. Kisha ikakata. Skrini ikarudi: hakuna mfumo.

"Hii inaita," Mwanaidi akasema.

"Nini, shangazi?"

"Mashine yenu hii. Mimi sijui mambo yenu, nisamehe. Lakini nimekaa hapa naisikiliza. Inapiga kelele yake, halafu inanyamaza inangoja. Ikiona kimya, inakwenda zake. Inaita mara moja, basi."

Rahma aliitazama ile mashine. Muda wa kusoma Fatiha, skrini iko gizani. Katika giza hilo diski inafika mahali na kutulia. Kwa nini itulie? Diski mbovu hukwaruza, hurudia, hugonga. Hii haikwaruzi. Inatulia kama mtu aliyesema neno na anasubiri jibu. Na kuna diski za namna hiyo, alizijua, alizishika kila wiki: zikianza huandika mstari mmoja tu juu kabisa ya skrini, unaosema bonyeza kitufe chochote, na kukupa sekunde tano. Usipobonyeza, diski hudhani huihitaji na kujitoa. Skrini yake ya dukani ilikuwa nzima, kwa hiyo mstari huo aliuona siku zote na kuubonyezea bila hata kuufikiri. Skrini hii ya baba yake ilikuwa mzee wa kuamka taratibu. Mstari uliandikwa gizani na kufutika gizani. Siku nne diski haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inamwita, na yeye amesimama kimya, anangoja kuona kitu.

Alijua ujinga huu. Alikuwa ameufanya mara moja kabla.

Akaizima mashine, akaiwasha. Skrini ikaingia giza. Mwanaidi alikuwa ameshika tasbihi, midomo inacheza. Diski ikazunguka. Ikapanda. Rahma aliinua kidole juu ya kibodi akakishikilia hapo hapo, maana sehemu yake moja, ile iliyolelewa na bibi yake, ilikuwa inamwambia usithubutu. Hujui ni nani. Hujamwona. Ameita mara moja tu. Diski ikatulia.

"Abee," Rahma akasema kwa sauti, kama mtoto wa kike aliyeitwa na mkubwa wake, na akabonyeza.

Giza halikuondoka. Lakini diski haikukata. Ilivuta pumzi, ikaanza kuzunguka kwa mlio mpya, mzito, usiokoma. Skrini ilipoamka hatimaye haikuwa nyeusi, ilikuwa ya buluu, na katikati yake ulikuwepo mstari mwembamba unaojaa polepole kutoka kushoto. Mwanaidi alisema alhamdulillahi, kisha akauliza kama hiyo buluu ni dalili njema.

"Ni njema, shangazi. Inarudisha."

"Yote?"

"Yote aliyoyahifadhi."

Walikaa zaidi ya saa nzima wakiutazama mstari ule. Hakuna aliyetazama mlango, na hakuna aliyekwenda kuufunga. Mara moja Rahma alihisi pumzi ya baridi shingoni, yenye harufu hafifu ya chaki na vidonge vya kikohozi, na hakugeuka. Mwanaidi naye aliinua pua, akanusa, akarudi kwenye tasbihi yake. Waliogopa, na sitawasingizia ujasiri. Lakini waliogopa zaidi kwamba kitaondoka.

Mashine iliwaka kabla ya adhana ya magharibi. Ilifunguka kwenye ukurasa wa mwanzo wa mwalimu, safi, mafaili yamepangwa kwa herufi: barua za wizara kuhusu kiinua mgongo, maelezo ya mimea ya Magamba, hotuba ya harusi ya mtu. Na moja limeitwa ALHAMISI.

"Nisomee," shangazi akasema. "Macho yangu hayafiki."

Rahma alisoma kwa sauti. Mwanzoni alisoma haraka, kama mtu anayeng'oa plasta.

"Alhamisi. Nimenunua kompyuta. Soni wanasema mzee ameoa mke wa pili. Nataka kujua anachokijua yeye.

"Alhamisi. Nimepanda na gari la saa nane. Nimesimama ng'ambo ya duka lake. Ana wateja watatu na wote wanamsikiliza. Amekonda. Sikumwita.

"Alhamisi. Mvua. Nimefika hadi mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, anafungua mashine ya mtu. Anashika bisibisi kama marehemu mama yake alivyokuwa akishika sindano. Sikumwita.

"Alhamisi. Nimefuta faili moja makusudi ili nipate sababu ya kwenda kwa fundi. Programu imelirudisha yenyewe. Kitu hiki kimetengenezwa na watu wasio na watoto."

Mwanaidi akacheka, machozi yanamtoka. Rahma hakuweza kucheka. Alishuka chini, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka na nusu wa siku za Alhamisi, na karibu kila moja imeishia kwa neno lile lile: sikumwita. Alikuwa anatafuta laana. Aliitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Alhamisi," akasoma. "Leo nimekutana na mtu wa Mazinde. Amenieleza kuhusu yule niliyemchagulia mwanangu, jinsi anavyomtendea mke aliyenaye sasa. Rahma aliniambia haya na jino lake mkononi, nami nikamwonyesha mlango. Watu wanasema nimnyime radhi, nimpe radhi. Radhi gani? Mimi ndiye wa kuiomba kwake."

Hapo aliurudia mstari ule wa mwisho kimoyomoyo. Mwaka mzima alikuwa akiogopa sentensi moja, na sentensi hiyo haikuwa imeandikwa popote. Akadhani jambo limekwisha, na laiti angeliishia hapo. Lakini uliokuwepo chini yake ulikuwa ukurasa wa mwisho, na shangazi alikuwa anangoja.

"Endelea, mwanangu. Ile siku yenyewe."

"Alhamisi," Rahma akasoma. "Nimekwisha kutengeneza diski. Nikimaliza mstari huu nitahifadhi nakala, kisha nitafuta mfumo wote kwa mkono, ili mashine ife kweli na isiweze kujirudisha. Fundi wa kufufua ni mmoja tu mlima huu. Leo nitamwita. Kifua kinabana tangu jana na sina sauti ya kutosha, lakini mara moja inatosha. Rahma tangu udogo wake hakuwa mtoto wa kuitwa mara mbili."

Nje adhana ilianza, mbali, imefunikwa na ukungu. Mwanaidi alijifuta uso kwa ncha ya kanga na kutikisa kichwa kwa upendo.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Ulikuwa hivyo. Ukiitwa tu umeshafika. Jumamosi nitawaambia wote, nitasema ndugu yangu alikuwa anakwenda kwa mwanawe, na moyo ukamzuia njiani. Maskini. Laiti angefika."

Rahma aliitazama skrini mpaka herufi zikachanganyika.

"Alifika, shangazi," akasema.